Saruji tunaibandua, chokaa inarudi

Jamani, tangu nianze kujifunza ukarabati wa nyumba za kale hapa Lamu, macho hayatulii mtaani. Kila ukuta naukagua.

Watu hudhani kazi yetu ni milango ya nakshi tu. Wapi! Siku nyingi ni nyundo na patasi, tunabandua saruji iliyopigwa juu ya kuta za matumbawe. Saruji inaziba ukuta. Unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, jiwe linalika kwa ndani hadi ukiligusa linamomonyoka. Chokaa inapumua. Fundi wetu hataki hata kuuona mfuko wa saruji.

Zidaka, zile shubaka za nakshi za ukutani, ndizo zinazonitoa jasho. Zimepakwa chokaa tabaka juu ya tabaka hadi nakshi zimezibika. Unakwangua kidogo kwa ncha ya kisu, unapuliza vumbi, unatazama tena. "Pole pole mwanangu, hiyo haina spea," fundi ananiambia.

Mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini sisi tunaojifunza kuzima chokaa (kuitia maji chokaa iliyochomwa) hatujazi hata baraza moja la kukalia.

Mwenye kujua pa kupata boriti za mkoko zilizonyooka anitumie ujumbe. Dari ya ndani inatungoja.