Goti la Mjomba na Gia Sita

Msimu wa korosho wa 2017 uliingiza pesa Kusini kwa namna ambayo sijaiona tena. Kwenye baadhi ya minada kilo moja ilipita shilingi 4,000. Mimi sikuwa na mikorosho ya kuhesabika, nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Mtwara mjini, na mkulima akishika hela kitu cha kwanza kumjia kichwani ni bati. Kufikia Januari nilikuwa na akiba ya kununua kirikuu cha kusambazia saruji. Mtu mwenye akili angenunua kirikuu. Mimi nikaanza kutafuta Altezza.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sijaoa. Yatosha kwa utetezi.

Toyota Altezza lilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, na huko nchi nyingine lilikuwa likiuzwa kwa jina la Lexus IS. Lina milango minne kama gari la mwalimu mkuu, ila linasukumwa na matairi ya nyuma, na saa zake za dashibodi zimepangwa kama saa ya mkononi ya gharama. Lenye ile injini ya lita mbili ambayo mafundi wetu wanaiita Beams lina nguvu za farasi 210 likiwa la gia za mkono, na 200 likiwa oto. Hao farasi kumi walininyima usingizi. Isitoshe gia za mkono ni sita, za oto ni tano. Hesabu zote zilikuwa upande wangu.

Yalipatikana mawili. La rangi ya fedha, oto, lilikuwa Shangani kwa jamaa mmoja aliyemaliza mkataba wake na kutaka kurudi kwao. Jeupe, la gia sita, lilikuwa Lindi. Bei zilipishana laki tatu tu. Kwa mila zetu jambo kubwa hulifanyi bila mjomba, na mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva mstaafu wa malori. Nilijua nimepata shahidi. Mzee huyu alipiga Mtwara–Dar es Salaam enzi za vumbi, Leyland kwanza na Scania baadaye, wakati Rufiji inavukwa kwa pantoni ya Ndundu na masika yakikolea mnalala foleni mpaka unga unaisha. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 alikuwa tayari anakaribia kushuka garini. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu oto?

"Chukua oto," alisema, hata chai sijaimaliza.

"Mjomba!"

"Njomba, mimi klachi nimeikanyaga miaka ishirini na nane. Tazama." Akapandisha msuli mpaka juu ya goti la kushoto. Lilikuwa limevimba kama fenesi changa. Tangu astaafu hakuwa ameendesha chochote. Alikuwa akienda msikitini kwa fimbo na sokoni kwa bodaboda.

Nikamweleza habari ya nguvu. Kwamba injini ile nguvu zake ziko juu kabisa, mizunguko inakaribia 7,600 kwa dakika, kwa hiyo mwenye gia za mkono anaibana gia mpaka pale anapotaka, ila oto linaamua lenyewe na kupanda gia wakati wewe ndiyo kwanza unanogewa. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, kwa upole, kati ya Mtwara na Lindi kuna vijiji vingapi vyenye kibao cha 50, na trafiki wenye tochi wanakaa kwenye vingapi. Gia ya sita nitaitia wapi?

Jumamosi asubuhi tulianza na la fedha. Mjomba akasema analijaribu mwenyewe, nami nikashangaa kidogo, maana mnunuzi nilikuwa mimi. Aliliwasha, akatia D, akatia R, akarudia mara tatu huku ameinamisha kichwa kusikiliza kama kuna kishindo. Hakikuwepo. Akatoka nalo Shangani taratibu mpaka njia ya uwanja wa ndege, akageuza, akarudi. Goti lake la kushoto lilikuwa limekaa tu pembeni, halina kazi. Aliposhuka hakusema neno, alilifuta vumbi kwenye kitasa kwa kiganja. Nilidhani hajalipenda.

Tukapanda Kosta ya Lindi.

Lile jeupe lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha mwembe, na nilipoliona mazungumzo mengine yote yalikuwa ya heshima tu. Mjomba alifanya kazi yake. Akanikalisha ndani, akaniambia nivute breki ya mkono, niweke gia ya nne, nikanyage mafuta kidogo na kuachia klachi. Injini ikazimika papo hapo. "Pleti nzima," akasema. Ingeendelea kunguruma bila kuzimika ingekuwa klachi inateleza. Tukalizungusha mpaka Mitwero na kurudi, na gia zikaingia, kwa ugumu ule ule ambao Altezza za gia sita zinasifika nao, lakini bila kusaga. Kisha akafungua boneti na kutazama kikopo kidogo cha mafuta ya klachi. Mafuta yalikuwa meupe, masafi kama ya kwenye chupa.

"Haya yameongezwa leo," akamwambia dalali. "Gari la mwaka 1999 lina mafuta ya leo kwa nini?"

Dalali akasema mwenye gari ni mtu wa usafi. Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama usukani. Akashusha bei kwa laki nne kwa niaba yangu, tukaandikiana, na saa tisa alasiri tulikuwa barabarani, mimi kwenye usukani, yeye kando na fimbo yake katikati ya magoti.

Sitasema uongo: zile kilomita za mwanzo zilikuwa tamu. Tulivuka Mnazi Mmoja, tukaiacha njia ya Masasi mkono wa kulia, na kwenye mlima mmoja nikarudisha gia mpaka ya tatu nikaiacha injini ilie. Mjomba alishika dashibodi lakini hakuniambia nipunguze. Nikatia ya sita mara moja, sekunde kama kumi, ili nimjibu.

Tuliposogea zaidi klachi ikaanza kuwa laini. Kwanza nilifikiri ni mguu wangu umezoea. Kisha kwenye tuta la kijiji nikaikanyaga na pedeli ikazama mpaka chini, ikabaki huko huko. Gari likarukaruka kama mbuzi aliyekamatwa mguu, likazimika. Nikainua pedeli kwa kidole cha mguu, ikazama tena. Chini ya gari tone la mafuta masafi lilikuwa likidondokea mchangani.

"Silinda ya chini," mjomba akasema. "Mpira umekwisha. Walijaza wakijua."

Nikatoa simu nimtafute fundi Mtwara, na kichwani tayari nikapiga hesabu ya gari la kutuvuta. Mjomba alishuka, akazunguka mbele kwa fimbo, akafungua mlango wa upande wangu.

"Hama kiti."

"Mjomba, klachi haipo."

"Ndiyo maana nakwambia hama."

Akakaa, akavuta kiti mbele, fimbo akanipa mimi. Akatia gia ya kwanza injini ikiwa imezima, akazungusha ufunguo. Stata ikalisukuma gari lote, likayumba, likashtuka, likawaka likiwa linatembea. Watoto waliokuwa wamekusanyika wakashangilia. Likafika kasi fulani aliyoijua yeye. Akaachia mafuta, akavuta gia nje kwa vidole viwili, akasubiri. Alikuwa anasikiliza. Sauti ya injini ikashuka, ikashuka, na pale ilipolingana na mwendo wa magurudumu akaisukuma ya pili, ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lililotiwa mafuta. Ya tatu vivyo hivyo. Kurudisha gia alikuwa akifanya kinyume: anaitoa, anakanyaga mafuta kidogo injini ipande, ndipo anaingiza. Mguu wa kushoto alikuwa ameunyoosha mpaka mwisho, umepumzika.

Adui alikuwa matuta. Kila kibao cha tuta alikiona mbali, akashuka mpaka ya pili, akavuka polepole gari likitetemeka bila kuzimika. Mara moja tu mbuzi walitusimamisha kabisa, na ikabidi ufunguo ufanye kazi tena. Kwenye mteremko wa Mikindani ghuba ikatokea chini yetu, maji yamejaa, jua linaelekea kuzama, na mjomba, ambaye katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiimba, alikuwa anaguna wimbo fulani wa ngoma kupitia puani. Nilishika fimbo yake kimya. Nilikuwa nalikumbuka la fedha, na kile kiganja kwenye kitasa.

Nyumbani mama alitoka na taa ya simu. Aliona nani yuko kwenye usukani, akafunga mdomo kwa mkono.

Mjomba alilizima kwa kuliachia kwenye gia, kama lori. Hakushuka. Nikamwambia Jumatatu asubuhi nitalipeleka gereji wabadilishe ule mpira, si kazi kubwa.

"Usiwe na haraka na fundi," akasema, mkono bado uko kwenye gia. "Kesho Jumapili, barabara nyeupe. Twende kwanza Msimbati."