Bahasha ya Capablanca imefika jamani

Wadau, leo nimepokea bahasha niliyoisaka karibu miaka mitatu, ni ya Kuba, 1951, ina stempu za kumuenzi José Raúl Capablanca, miaka 30 tangu achukue ubingwa wa dunia wa sataranji. Kwa asiyemjua, huyu bwana 1921 alimkalisha Lasker, bingwa wa dunia wa wakati huo, pale pale Havana alikozaliwa, michezo 14, kashinda 4, sare 10, hajafungwa hata mmoja!! Mi mzee wangu ndo alinifundisha sataranji kwa kunisimulia michezo yake, basi nilivyoiona tu machozi yakanilenga.

Kinachonipa raha ni kwamba ni bahasha ya siku ya kwanza, yaani stempu zimegongwa muhuri siku ileile zilipotoka, na muhuri unasomeka vizuri kabisa. Msije mkabandua stempu kwenye bahasha za hivi jamani, ukishaibandua umeiua, utamu wote ni bahasha, stempu na muhuri kukaa pamoja. Sasa nawaza unyevu wa hapa Tanga, nimeiweka kwenye nailoni ngumu, mbali na jua. Sasa naitafuta ya Iceland 1972, ile mechi ya ubingwa wa dunia wa sataranji kati ya Fischer na Spassky, mwenye nayo anicheki inboksi.