Farasi wetu aliitwa Deni

Juzi jioni kitindamimba wangu aliingia jikoni na daftari, penseli kaiweka sikioni kama fundi seremala. Kazi ya nyumbani: milio ya wanyama. Ng'ombe alishamaliza, mbuzi, paka, jogoo, wote wameshalia kwenye mistari yao. Amekwama kwa farasi.

"Mama, farasi analiaje?"

Nilikuwa nakwangua ukoko. Nikaacha.

"Inategemea amemwona nani," nikamwambia.

Hilo si jibu la darasa la pili. Akanitazama kwa ile huruma ambayo watoto hututazama nayo tukianza kuzeeka, akarudi sebuleni kumsubiri baba yake. Mimi nikabaki na sufuria, na ingawa hapa ni Uyole, Mbeya, Ifunda yote ya Iringa nilikokulia ikanijaa puani: jasho la farasi, tandiko lililopakwa mafuta ya ng'ombe, moshi wa mavi makavu.

Mnaonifahamu mnajua baba yangu alikuwa saisi. Kwa vijana: saisi ni mtu wa farasi, anayewalisha, anayewasugua, anayelala nao bandani wakiumwa. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minane kwenye shamba la mzungu mmoja, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mafinga. Mwaka 1990 mzungu akaamua kuuza na kuondoka, na baba alikuwa anamdai mishahara ya miezi saba. Fedha hakuiona. Alichopewa ni farasi jike mzee, tandiko moja lisilo na kikuku cha kushoto, kile cha kukanyagia mguu unapopanda, na karatasi ya Kiingereza inayosema wamemalizana. Wanaojua wataelewa ule mkosi wa kikuku: farasi hupandwa kwa upande wa kushoto.

Farasi mwenyewe mzungu alimwita Duchess. Baba alitamka Dachi. Bibi aliposikia jina hilo alisimama katikati ya uwanja, ufagio mkononi. Kwa Mhehe wa umri wake neno lile lilikuwa na sura moja tu: Wadachi, wale Wajerumani waliopigwa na Mkwawa pale Lugalo mwaka 1891, kisha wakarudi miaka mitatu baadaye kubomoa ngome ya Kalenga. "Wamerudi tena," akasema, "safari hii kwa miguu minne." Mpaka anakufa hakumtaja yule farasi kwa jina. Alimwita "mgeni wenu".

Ambacho sisi hatukujua, baba alikijua, mzungu sina hakika: mgeni wetu alikuja na mimba. Farasi hubeba miezi kumi na moja, kwa hiyo tulikuwa na muda mrefu wa kuhesabu na kubishana. Machi 1991, usiku wa mvua, akazaa dume, rangi ya udongo mwekundu, miguu kama ngazi. Tulimulika kwa kandili tukimwangalia anavyoinuka, anaanguka, anainuka. Haikupita saa amesimama anatafuta ziwa. Kaka akauliza tumwite nani.

"Deni," baba akasema. "Si ndiye deni langu?"

Kijiji kilifurahi kupita kiasi. Mzee, deni limekua! Mzee, deni leo limekula? Mama akienda dukani kukopa sukari, mwenye duka anamuuliza, nyumbani si mnalo moja tayari?

Sasa niseme jambo kuhusu baba, na nalisema akiwa hai. Baba alikuwa mkali. Fimbo yake ilikaa juu ya fremu ya mlango, na sote watatu tulijua ilivyo nyepesi kushuka. Ukichelewa kuamka, maji ya mtungini yanakufuata kitandani. Swali huulizi mara mbili. Lakini akivuka lango la zizi kwenda kwa Deni, alikuwa mtu mwingine ambaye hatukuwa tumetambulishwa kwake.

Tangu Deni ananyonya, baba alimpitishia mikono mwili mzima kila siku, masikio, kwapa, tumbo, mpaka kwenye kwato, akiinua mguu mmoja mmoja na kuurudisha chini kama anayeweka yai. Alipofikisha mwaka na nusu tukapewa sisi watoto kamba yake tumtembeze. Tulimpitisha penye nguo zilizoanikwa, penye mashine ya kusaga, penye madimbwi, aione dunia na ajue haimli. Sheria ilikuwa moja: "Farasi haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia. Ukija kwa huko, sema kwanza." Bibi akadakia kwamba hata wanaume wako hivyo. Tulimsubiri baba acheke ndipo tukacheka.

Lilianza gunia tupu mgongoni. Likaja gunia lenye majani makavu ya mahindi, ili azoee kitu kinachopiga kelele. Likafuata tandiko bila kufungwa mkanda, siku nyingi tu, halafu mkanda kwa tundu la kwanza. Mizunguko zizini kwa kamba ndefu, baba katikati, kulia sawa na kushoto. Mwisho lijamu, kile chuma cha mdomoni. Julai ya Ifunda mnaijua, baridi ya kupasua midomo. Chuma kilicholala nje hukishiki. Baba alikiweka kwapani. Alikunywa chai yake asubuhi lijamu likiwa ndani ya sweta, mpaka lipate joto la mtu, akalipaka asali, ndipo akampelekea Deni. Nami nilikuwa nimesimama pale, miguu mitupu juu ya majani meupe kwa umande, nimeamshwa kwa maji ya mtungini, naangalia chuma kinavyopashwa moto.

Niliona wivu. Sina neno jingine.

Mwaka 1994 Deni alikuwa ametimiza miaka mitatu, na baba akaona mgongo umekomaa kiasi cha kubeba mtu mdogo. Akatuning'iniza kwenye mzani wa mahindi, mmoja mmoja. Kaka alizidi. Mdogo wetu hakuwa na nguvu za kujishikilia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kilo thelathini. "Debe na nusu," baba akasema. "Unatosha." Mama akauliza mtoto wa kike atapandaje farasi, apanue miguu mbele za watu? Baba akamjibu kwamba hatapanua. Kwa kuanzia, atalala.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka lakini halijaanza kazi. Kaka ameshika kamba ya kichwani. Bibi amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kaja kushuhudia Mdachi akiua mjukuu wake. Baba akanishika goti la kushoto, akahesabu mpaka tatu, akanipandisha. Sikukaa. Nililala kifudifudi kukatisha mgongo, kichwa upande huu, miguu upande ule, kama gunia la mbolea kwenye baiskeli. Hivyo ndivyo farasi anavyofundishwa kwamba kuna mzigo unaopumua na si chui.

"Usishike kitu," baba alikuwa ameniambia. "Usiongee. Ukiteleza, teleza."

Kutoka pale juu sikuona mengi. Niliona buti za mpira za baba, ile ya kulia imezibwa kwa kipande cha tyubu. Niliona mavi ya jana. Niliona kwato mbili zimejikita ardhini hazichezi. Chini ya tumbo langu mgongo wa Deni ukakaza, ukakaza, ukawa ubao. Akabana pumzi. Sikuwa najua kwamba mnyama mkubwa vile naye hubana pumzi. Nikabana yangu. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye ngozi yake, una joto la uji, na nikasikia mioyo miwili, mmoja unakwenda mbio, mwingine unadunda kama mtu anayetwanga bila haraka. Wa mbio ulikuwa wangu.

Hapo baba akaanza kusema.

Alisema kwa Kihehe, kwa sauti ambayo sijui alikuwa anaiweka wapi siku zote zile. Haikuwa sauti ya chini tu, ilikuwa laini, sauti ya mtu anayeongea na homa ya mtoto usiku. "Tulia, mwanangu. Niko hapa. Usiogope. Nimekushika. Hakuna wa kukufanya kitu, niko hapa." Akarudia. Hakubadilisha maneno, aliyazungusha tu kama alivyokuwa akimzungusha Deni zizini. Mkono wake mmoja ulikuwa shingoni kwa Deni. Wa pili ulikuwa mgongoni kwangu, katikati ya mabega, umetulia, mzito.

Nilitaka kumwona usoni. Sikuweza, kichwa kilikuwa chini na nilikuwa nimekatazwa kujitingisha. Niliona buti tu.

Mgongo ukaanza kulegea, kwanza mabegani, ukashuka taratibu mpaka nyuma. Deni akainamisha kichwa, akatoa pumzi ndefu ya kutetemesha tundu za pua, ile prrrr ya chini ambayo farasi huitoa asubuhi akisikia hatua za mtu anayemletea pumba. Nami nikalegea. Nikalia. Ukilia kichwa kikiwa chini machozi hayashuki mashavuni, yanateremkia kwenye paji la uso na kuingia kwenye nywele, na hakuna anayejua.

"Mteremshe," bibi akaita kutoka kwenye kinu, "damu imemjaa kichwani."

Baba akaniteremsha. "Kaoshe miguu," akasema, kwa sauti yake ya kila siku. "Kesho tena."

Kesho tena, na kesho kutwa. Kila siku niliyolala pale nilitega sikio, na kila siku alisema kidogo zaidi, kwa sababu Deni alihitaji kidogo zaidi. Siku ya sita nikakaa. Siku ya tisa akatembea nami. Wiki ya tatu akaanza mwendo ule wa kurukaruka ambao Waswahili wa pwani wanasema farasi anakwenda matiti. Bahati nzuri sisi neno hilo hatukulijua, tungecheka mpaka tuanguke. Kuanguka nilianguka vilevile, kware aliporuka kutoka majanini, nikang'oka jino. Baba alikimbilia hatamu kwanza. Farasi akikanyaga hatamu huweza kujivunja, naelewa. Naelewa sasa.

Nilimpanda karibu miaka miwili. Kaka naye alipanda Deni alipokomaa zaidi, na mdogo wetu akakaa mbele yangu ameshika manyoya ya shingo. Kikuku cha kushoto tulifunga kitanzi cha kamba ya katani.

Aprili 1996 akaugua. Kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, hutoka jua likizama, hasa mvua zikiwa zimenyesha sana. Ndiyo maana kila jioni tulikuwa na zamu ya kuwasha moshi wa mavi makavu bandani. Asubuhi tukamkuta macho yamevimba kwa juu, mchana povu likaanza kumtoka puani, jeupe, jingi, kama la omo. Bwana mifugo alifika na baiskeli yake tukiwa tayari tunachimba. Dachi, na uzee wake, hakukohoa hata mara moja. Jirani mmoja mwenye ulanzi kichwani akasema basi, deni limekwisha. Hakuna aliyecheka.

Siku chache kabla ya hapo kulikuwa na jioni mbili ambazo moshi haukuwashwa. Moja ilikuwa zamu yangu. Nilisubiri baba aulize. Niliangalia fimbo juu ya mlango wiki nzima. Hakuuliza.

Basi juzi mume wangu akaja, akamwambia mtoto kwamba farasi analia hihihi, akaandika, akafurahi. Nikasema hapana. Nikasema subiri, tumpigie babu yako. (Mwalimu alimwekea kosa, niwaambie mapema.)

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, farasi analiaje?"

Kukawa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Halafu ikaja kwenye simu, ya chini, ya puani, prrrr, na mtoto akaangua kicheko akaomba arudie. Akarudia. Mzee wa miaka themanini na moja, mara tatu, mara nne. Mtoto akakimbia na daftari kwenda kuitafutia herufi.

Nikaichukua simu. Tukaulizana mvua, mahindi, goti lake. Nikasema, "Baba, unakumbuka ile siku ya kwanza uliponilaza juu ya Deni?"

"Nakumbuka. Ulikuwa debe na nusu."

"Yale maneno uliyokuwa unasema. Ulikuwa unamwambia nani?"

Nyuma yake nikasikia kuku, na redio ya mtu.

"Salio lako litakwisha, mama," akasema, akakata.

Nilikuwa na kifurushi cha wiki nzima.