Jinsi nilivyoacha kusahau michezo ya sataranji niliyoisoma

Kwa miezi hapa Bukavu nilipitia michezo mashuhuri ya sataranji, lakini nikikaa mbele ya mpinzani kule Kadutu, farasi wangu analiwa bure. Nilikariri mianzo, yaani hatua za kwanza za mchezo, nikaongeza michezo, wapi!

Kilichosaidia ni kipande cha karatasi. Nilichagua mchezo mmoja tu, wa Paul Morphy, bingwa Mmarekani wa zamani, Paris 1858, hatua 17. Nafunika hatua zake, naandika yangu kwa kalamu, ndipo nafunua. Siri ni kuandika: ukikisia kichwani, unajidanganya kwamba uliiona. Hatua ya 16 Morphy anamtoa malkia sadaka kwenye mraba wa b8. Farasi wa mpinzani hana budi kumla, kisha ngome ya Morphy inapanda d8, mfalme hana pa kukimbilia. Nilikosa mara tatu. Ya nne niliiandika mwenyewe, na juzi nimemshinda kaka yangu kwa kumtoa malkia vilevile.