Pembe moja, sauti moja: nilivyotafuta muziki wa filamu ya Watonga wa Kariba

Kazi hii ilinifikia ikiwa imeshapigiwa piano. Mwongozaji, dada ninayemheshimu sana, alinitumia mkato wa kwanza wa filamu yake ya makala, dakika 74, akaniomba nimtungie muziki. Ili mkato usiwe mtupu alikuwa ameweka muziki wa muda chini ya maneno ya bibi mmoja wa Kitonga: piano ya polepole, ile ambayo ukiisikia tu unajua umeagizwa uhuzunike.

Niliitazama mara mbili. Mara ya tatu nikazima muziki, nikabaki na bibi na sauti yake. Hapo ndipo nilipomsikia. Hakuwa akilia. Alikuwa anahesabu: shamba la ukingoni walilolima kila maji ya Zambezi yalipopungua, ghala, mbuzi, kaburi la mama yake. Alihesabu kituo kwa kituo, kama mtu anayejua anadai nini na anamdai nani. Piano ilikuwa imemgeuza mdai kuwa mfiwa. Nilimpigia dada usiku uleule nikamwambia, piano itoke kwanza, mengine tutazungumza baadaye. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya, kaka. Lakini uniletee kitu."

Kwa asiyeijua habari yenyewe: ukuta wa bwawa la umeme la Kariba, wenye urefu wa mita 128 kwenda juu, ulijengwa kwenye mto Zambezi katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na Desemba 1958 maji yakaanza kufungiwa. Ziwa lililotokea lina urefu wa kilomita 280 hivi. Watonga wa bonde la Gwembe wapatao 57,000 walihamishwa, wengine upande wa Rhodesia ya Kaskazini, wengine upande wa Kusini. Kabla ya hapo mto ulikuwa njia yao. Walivuka kwa mtumbwi kwenda harusini na msibani. Baada ya hapo ndugu wakawa watu wa ng'ambo mbili za ziwa, na leo ni watu wa nchi mbili, Zambia na Zimbabwe. Waliogoma kuhama katika eneo la Chifu Chipepo walipigwa risasi na polisi Septemba 1958, na 8 kati yao wakafa. Waliosalia walipandishwa malori hadi Lusitu, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, mahali ambapo udongo, maji na mizimu ya mvua vyote vilikuwa vya wageni.

Kwenye mkato ule mlikuwamo pia filamu za kale. Zilikuja na muziki wake, tarumbeta na orkesta kubwa, muziki wa sherehe. Ulipigwa juu ya saruji ikimiminwa, ukapigwa hivyohivyo juu ya boti za waokoaji wa wanyama. Maana wanyama waliokolewa kweli, zaidi ya 6,000, katika kazi iliyopewa jina la Nuhu na kujulikana dunia nzima. Nilifikiria kuufuta muziki ule, halafu nikaona hapana, ule ni ushahidi. Nikauacha ulie kwa sekunde 40 kama ulivyo, na picha inapogeuka kuwa malori yenye watu, nikaukata katikati ya noti. Baada yake sikuweka chochote. Ni injini tu na vumbi. Kati ya mambo yote niliyofanya kwenye filamu hii, huo mkato ndio ulionichukua muda mfupi zaidi, na sijawahi kuujutia.

Tatizo lilikuwa sauti ya Watonga wenyewe. Wana ngoma ya pembe ambayo upande wa Zimbabwe huitwa ngoma buntibe na upande wa Zambia budima. Pembe zenyewe, nyele, ni za swala wa aina mbalimbali, na kila pembe ina noti moja tu. Mtu mmoja hawezi kupiga wimbo. Wimbo unapatikana pale kila mpigaji anapopuliza noti yake kwa zamu yake, kwa kasi ambayo sikio linashindwa kujua nani amepuliza nini. Chini yake kuna ngoma, njuga na vishindo vya miguu. Sisi wa pwani tunaijua siwa, pembe ya heshima ya Lamu na Pate, lakini siwa hulia peke yake kama mfalme. Hizi ni za umma.

Tulikwenda Gwembe na mkalimani. Nilidhani kazi yangu ni kuomba ruhusa na kupanga malipo. Mzee wa kundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Nani amekufa?" Pembe zile ni za msiba kwanza, ingawa siku hizi husikika hata kwenye matamasha. Sikuwa na jibu. Dada ndiye aliyejibu, akataja makaburi yaliyo chini ya maji, ambayo waliohamishwa hawakuweza kuyarudia. Wazee wakateta kando kwa muda mrefu, na jua likatupiga vizuri. Waliporudi walikubali, kwa sharti kwamba rekodi isitumike nje ya filamu hii, hasa isiuze bidhaa. Tuliandika hivyo kwenye mkataba, na kundi likaandikwa kama watunzi, si kama "sauti za mazingira". Ningeshauri mtu yeyote ayaweke haya kwenye karatasi kabla ya kufungua begi la vifaa.

Hapo nikafanya kosa la kistudio. Nilitaka kila pembe iwe na mkondo wake wa sauti kwenye rekodi, kwa hiyo nikawaomba wapigaji wapulize mmojammoja mbele ya maiki. Walijaribu kwa adabu. Kila mmoja alipuliza mara tatu nne, akasita, akanitazama. Bila pembe ya jirani yake hakuwa na pa kuingilia. Nikaacha. Nikaweka maiki mbili katikati ya duara, nyingine mbali karibu na ngoma, wakapiga wote, na vumbi likaingia kila mahali. Nilishusha kiwango cha kinasa sauti kuliko nilivyozoea kwa sababu pembe zikikutana zinaruka ghafla, na sauti ikishapasuka hairudi.

Wazo la filamu lilizaliwa hapo: wimbo uliotobolewa. Kama noti za wimbo zimegawanywa kwa watu, basi ukiwatawanya watu wimbo unabaki na matundu. Lakini nilikuwa nimewarekodi pamoja, na pembe moja huwezi kuichomoa katika rekodi ya duara. Nilimweleza mzee. Akasema ni rahisi, wengine wasipulize. Basi wakapiga tena, pembe tisa mikononi, watatu wakicheza na kuingia kwa zamu zao bila kupuliza. Nilivyosikia kwenye hedifoni sitasahau. Mwili unafika, noti haifiki.

Kwa sehemu za maneno nilihitaji kitu kisichogombana na sauti za wazee. Nilikipata chini ya nguzo za umeme. Minara inapita juu ya vijiji ambavyo vilikaa miongo bila taa, na transfoma huvuma. Umeme wa huku ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na transfoma huvuma maradufu yake, 100, ambayo ni sauti ya G nzito iliyopanda kidogo. Niliurekodi mvumo huo nikauweka chini kabisa, unausikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Haulingani na pembe. Pembe nazo hazilingani na kinanda chochote. Fundi mmoja alinishauri nizinyooshe kwa programu zote zikae sawa, nikakataa. Kugongana kwao ndiyo habari yenyewe, na nilikuwa na hofu kwamba nikizinyoosha nitakuwa nimehamisha kitu kingine tena.

Bibi anayehesabu hana muziki. Ana mvumo tu, na nao unaisha anapolitaja kaburi.

Tuliporudi Gwembe kuonyesha filamu tulifunga shuka nyeupe ukutani. Watu walicheka walipojiona, wakanyamaza kwenye malori. Ulipofika wimbo uliotobolewa nilimtazama mzee. Alikunja uso. Mwishoni akaniita: "Mwanangu, hapa umekosea." Zile pembe tatu zilizonyamaza, moja ilikuwa ndiyo inayoita katika wimbo ule, na isipoita wengine hawaingii. Kwa wageni lile lilikuwa pengo. Kwa wao ilikuwa ngoma iliyopigwa vibaya, na walishangaa tumeiachaje. Siku ile ya kurekodi walinyamaza hivyo, akasema, kwa sababu mimi ndiye niliyewanyooshea kidole wale watatu, wakadhani nina sababu zangu.

Nilimuomba achague yeye. Asubuhi akawapanga upya, akawanyamazisha wanne badala ya watatu, na inayoita akaiacha. Ilikuwa inaita, ngoma zinafuata, na majibu mawili kati ya matatu hayaji. Nikaipeleka hiyo kwenye filamu, sekunde kwa sekunde mahali pa ile ya kwanza.