Kwangu hukula?

Siku ya tano leo, na bado neno la bibi lanichoma. Bibi wa mlango wa kijani alikuja Jumatatu na mjukuu wake aliyetimiza miaka 18, wakitaka barua ya utambulisho kwa ajili ya NIDA, kitambulisho cha taifa. Nami, kalamu mkononi, nikauliza: "Bibi, unaishi nyumba namba ngapi?"

Akanitazama. "Leo waniuliza naishi wapi? Kwangu hukula?"

Nilikula, tena sana. Na tarehe 27 Novemba 2024 alidamka kwenda kunipigia kura niwe mwenyekiti wa mtaa. Lakini anayeipokea barua hatujui sisi, si mimi wala bibi. Anataka majina matatu yafanane na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, mtaa, kata, namba ya nyumba, barua inakwenda kwa nani na kwa shughuli gani. Andika "kwa yeyote anayehusika", inarudi. Andika Mwanaisha na cheti kinasema Mwanaasha, inarudi. Muhuri nao una yake: kidau cha wino kikikauka unatoka nusu mwezi, kikiloa unameza tarehe. Huanza kuujaribu kwenye gazeti, ndipo naugonga ubavuni mwa sahihi, uguse mkia tu.

Namba ndiyo kesi. Vibao vilibandikwa 2022, kwenye zoezi la anwani za makazi. Nyumba ikipakwa chokaa fundi anaking'oa, kinaishia uvunguni. Na sisi wa Ngamiani, hapa Tanga, barabara zetu zina hesabu tangu zamani: taja barabara ya ngapi na msikiti wa jirani, mtu wa baiskeli anakufikisha. Wazee bado huanzia kwa balozi wa nyumba kumi, na kweli yeye ndiye ajuaye nani kalala wapi. Ila balozi ni wa chama. Tangu vyama vingi virudi 1992 sahihi yake si ya serikali ya mtaa. Nenda kamweleze bibi hilo.

"Kwangu hukula?" Ningesema, "Bibi, kile kibao chako kipo?" Haja ni ile ile, na asingeudhika. Au ningekwenda kukisoma mwenyewe, si hatua hamsini. Na shikamoo yenyewe niliitoa huku nimeinama, natafuta karatasi.



Jana jioni mjukuu kaja peke yake. Kibao mkononi, kimepanguswa, kona moja ina chokaa. Mkono wa pili sahani ya mkate wa kumimina, juu kawa. Barua haikuchukua dakika kumi, sahihi ya mtendaji ikiwemo. Salamu hakupewa ya kuleta, nilimuuliza mara mbili. Lakini mkate ulikuwa na iliki kuliko siku zote, na bibi hubania iliki hata Idi. Nimekula nikicheka peke yangu.