Kufunga bipodi kwenye raifo: nati ni dakika mbili, kazi yote iko kwenye stoki na bega

Kila mtu akinunua raifo ya kulengea shabaha huku Marekani, akishamaliza mambo ya skopu, ile darubini ya kulengea, kinachofuata ni bipodi, ile miguu miwili ya mbele, na swali ni lilelile, "kaka ninunue ipi?" Mimi najibu, ila naongezea hapohapo kwamba kubwa sio ipi. Kubwa ni hiyo miguu umeifunga kwenye nini, na wewe umelalaje nyuma yake. Reinji, yaani uwanja wa kulengea, utamkuta mtu na bipodi ya mamia ya dola, matundu yametapakaa karatasi nzima, na pembeni yake mzee na bipodi ya Harris iliyobanduka rangi kila mahali, risasi zake zote zimeingia sehemu moja unaziba na kifuniko cha soda.

Wengi wetu tuliotoka Tanzania bunduki tumeishika mara ya kwanza JKT, unalala kifudifudi, viwiko chini, unaambiwa bana pumzi vuta taratibu. Pale mikono yako ndo inabeba bunduki, na mikono ina mapigo ya moyo ndani yake na misuli inachoka, kwahiyo mtutu lazima ucheze. Bipodi inaondoa hicho kitu kimoja tu, uzito wa mbele unabebwa na ardhi. Na sio kwamba bila bipodi watu hawapigi, kule Camp Perry, Ohio, kwenye mashindano yanayopigwa pembeni ya Ziwa Erie tangu 1907, kuna mechi ambazo bipodi hairuhusiwi kabisa, watu wanajifunga mkanda mkononi na wanapiga vizuri mno, nawaheshimu sana. Ila kuna daraja linaitwa F-TR, hilo ni la watu wa bipodi, raifo ni .223 au .308 basi, na uzito wote ukijumlisha skopu na bipodi usizidi kilo 8.25. Ukitaka kujua bipodi inatumikaje nenda kakae nyuma ya hao jamaa wakiwa wanapiga yadi 600 mpaka 1,000, uangalie mabega yao, usiangalie vifaa.

Haya, tufunge. Bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu, itoke, magazini itoke, chungulia chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho halafu ingiza na kidole, na risasi ziwe chumba kingine. Sio pembeni ya meza, chumba kingine kabisa, hapa sibembelezi mtu.

Raifo nyingi za kuwindia zina kale kadude ka chuma kenye tundu chini ya stoki (ule mwili wa mbao au plastiki unaobeba mtutu) kwa mbele, panapofungwa mkanda. Harris, ambazo zinatengenezwa Kentucky, zinakamata hapohapo. Fungua mkanda, laza raifo kwenye taulo chini juu, na kabla hujagusa bipodi kashike hako kachuma kwa vidole ujaribu kukazungusha. Kakicheza hata kidogo usiendelee, maana kazi yake ilikuwa kubeba mkanda tu na sasa unataka kabebe raifo nzima na msukumo wa bega lako. Kwenye stoki zilizotengenezwa vizuri kamefungwa na nati kwa ndani, kwenye nyingine ni skrubu imezama tu kwenye mbao, hiyo ikishalegea itang'oka siku moja ukiwa umelala nayo. Kakiwa kagumu, legeza nati ya bipodi, utaona vile vitaya viwili vilivyopinda kama kucha vinaachana, kila kimoja kiingie upande wake wa tundu, kisha kaza huku umeshikilia bipodi ikae sawasawa na mtutu. Miguu ikikunjwa ielekee mbele kwenye mdomo wa mtutu. Kaza kwa vidole mpaka ukiitikisa bipodi na raifo vinaenda pamoja, basi inatosha, koleo liache mbali utaumiza stoki. Na angalia springi zake, ile miguu inafunguka kwa nguvu, kidole kikiwa katikati utajua. Mkanda wako usitupe, bipodi yenyewe ina sehemu ya kuufunga tena.

Wenye raifo za chasi ya aluminiamu, yaani stoki ya chuma chepesi, nyie mna sehemu ya kufungia kwa chini, iwe ya aina ya Picatinny, M-LOK au Arca, mnatafuta bipodi ya reli kama Atlas au adapta, hakuna la ajabu pale.

Urefu, kwa kulala chini au kupigia mezani chukua ya inchi 6 hadi 9. Ile ya 9 hadi 13 ni ya kwenye majani marefu au mtu mwenye kifua kikubwa. Kadiri miguu inavyokuwa mifupi ndivyo inavyotulia. Na tafuta yenye herufi S kwenye jina, ile inayopinda kushoto na kulia, ardhi huwa haiko sawa, na ukipiga mbali raifo ikiwa imelala upande hata kidogo risasi inakwenda pembeni, yadi 100 hutaona kitu ila yadi 600 utashangaa.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Stoki nyingi za plastiki za bei ya chini sehemu yake ya mbele ni laini. Mtutu mzuri unatakiwa uelee, yaani usiguse stoki popote toka mbele mpaka karibu na chemba. Dukani unaelea kabisa, unapitisha karatasi chini yake inateleza vizuri, unafurahi. Ila weka bipodi, lala, sukuma bega mbele, ile plastiki inapinda juu inagusa mtutu, saa nyingine upande mmoja tu. Ukisukuma sana risasi inakwenda kwake, ukisukuma kidogo inakwenda kwingine, na wewe unalaumu risasi, unalaumu skopu, unabadilisha vitu ambavyo havina kosa. Kipimo ni noti ya dola. Raifo tupu, bolti imetoka, lala kama unavyolalaga ukipiga, sukuma kama unavyosukumaga, halafu mwambie mwenzio aivute ile noti chini ya mtutu toka mbele kwenda nyuma. Ikinasa umepata mchawi wako. Dawa yake ni kusugua kwa msasa ndani ya mfereji wa stoki mpaka nafasi iongezeke, au ujaze epoksi (gundi inayokauka kuwa ngumu) kwenye uwazi wa ndani wa sehemu ya mbele ya stoki iwe ngumu, au ununue stoki nyingine. Tahadhari moja, kuna raifo, hasa za zamani za mbao, kiwandani waliacha makusudi sehemu ya stoki iusukume mtutu kwa mbele, hizo usikimbilie msasa.

Ukishavuka hapo, mwili. Lala nyooka nyuma ya raifo, sio mshazari kama tulivyofundishwa, mgongo wako na mtutu viwe mstari mmoja ili raifo ikirudi irudi moja kwa moja begani. Ukipiga halafu bipodi ikaruka kushoto kila mara, kuna mahali umepinda. Hakikisha zile raba za miguu zimeshika chini, egemea mbele kidogo tu, uzito wa bega lililolegea, hupigani nayo, na uegemee kiasi kilekile kila risasi. Hicho kiasi kilekile ndo kitu kigumu kuliko vyote na hakiuzwi. Kwenye sakafu ya zege bipodi huwa inadunda, tandika kipande cha zulia. Kwenye udongo inashika yenyewe.

Mkono wa kushoto hauna kazi mbele tena, ulete nyuma ushike kifuko cha mchanga chini ya kitako cha raifo. Ukiminya kifuko kitako kinapanda na risasi inashuka, ukilegeza kinyume chake. Kama hela ni ya kitu kimoja cha kuongezea baada ya bipodi, kanunue kifuko hicho, hata soksi nzito iliyojazwa mchele inafanya kazi. Halafu fumba macho, pumua mara mbili tatu, fumbua. Msalaba wa skopu ukiwa umehama kwenye shabaha usiuvute kwa mkono, sogeza mwili wote.

Ziro ya skopu, yaani kuirekebisha risasi ipige pale msalaba ulipo, irudie upya ukiwa na bipodi kwenye shabaha ya yadi 100, usiamini ile uliyopiga kwenye mifuko ya mchanga, mara nyingi inahama. Dakika moja ya pembe, kipimo cha kurekebishia skopu, ni kama inchi moja kwa yadi 100, hiyo unaisoma kwenye karatasi yenyewe. Halafu kabla hujafungasha, ofisa wa reinji akishatangaza kusitisha na bolti zote ziko wazi, subiri upewe ruhusa ya kugusa raifo, kisha shika tena ile nati ya bipodi. Baada ya risasi za kwanza huwa imelegea kidogo, hasa kwenye stoki ya mbao. Kaza tena, na ukifika nyumbani ijaribu kwa vidole mara nyingine.